Kalamu ya Jaji: Kanyeihamba na Vitabu Vyake

Nakala yangu ya kitabu cha Jaji George Kanyeihamba ni fotokopi iliyofungwa kwa waya wa plastiki. Niliinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza masomo pale Wandegeya, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kwenye vile vibanda vya fotokopi ambavyo mashine zake hazilali. Kurasa zote za kushoto zimekatwa herufi mbili tatu za pembeni, kwa kuwa aliyekibandika kitabu kwenye kioo hakukikandamiza vizuri. Msomaji aliyenitangulia alipiga mistari ya penseli. Alipofika mwaka 1966, waziri mkuu Milton Obote alipoifuta katiba ya uhuru, aliacha kupiga mistari akachora alama moja kubwa ya kuuliza, akaikoleza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Mwandishi wa kitabu hicho alifariki tarehe 14 Julai 2025, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 86. Tangu siku hiyo swali moja limekuwa likinirudia. Kanyeihamba alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Uganda na alikuwa mwandishi wa vitabu. Hakusubiri kustaafu ndipo ashike kalamu: aliandika kabla ya kuwa jaji, akaandika akiwa kitini, akaandika baada ya kuvua joho. Je, mahakama ilinufaika na kalamu hiyo, au ilipungukiwa kitu? Jibu langu ninalo. Lakini wanaotaka jaji anyamaze wana hoja nzito kuliko sisi tunaompenda Kanyeihamba tunavyokubali, na sitaki kuzipita mbio.

Tuanze na maisha yake, maana hoja zote zinachipuka humo. Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1939 huko Kinkizi, katika Kigezi ya zamani, leo wilaya ya Kanungu. Alisoma sheria Uingereza, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Warwick. Mwaka 1975 kikatoka kitabu chake kuhusu sheria ya katiba na serikali ya Uganda. Hebu tuutazame mwaka huo. Idi Amin alikuwa ametwaa nchi Januari 1971 na kusimamisha sehemu muhimu za katiba ya 1967. Bunge halikuwepo, rais alitunga sheria kwa amri. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu hicho kilipotoka alijifunza vifungu ambavyo nje ya mlango wa darasa havikuwa vikimlinda mtu yeyote. Hata hivyo vilikuwa vimeandikwa mahali, na mtu aliweza kujua nchi ilikuwa imepoteza nini.

Baadaye mwanazuoni huyu akahamia upande wa pili wa meza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa waziri katika serikali ya NRM, vuguvugu la Rais Yoweri Museveni, akashika Wizara ya Sheria na kazi ya Mwanasheria Mkuu. Katika Bunge la Katiba la 1994 na 1995 aliongoza kamati ya sheria na uandishi, ile iliyogeuza makubaliano ya wajumbe kuwa vifungu. Mwaka 1997 akaingia Mahakama ya Juu na kukaa huko hadi 2009, alipofikisha miaka 70, umri ambao jaji wa mahakama hiyo hulazimika kustaafu. Kati ya 2006 na 2008 alikuwa pia miongoni mwa majaji 11 wa kwanza wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Waziri, mtunga katiba, jaji, mwanahistoria, wote ni mtu mmoja. Wasiwasi unaanzia hapo.

Wanaotaka jaji anyamaze husema kwamba jaji huzungumza kwa hukumu zake, basi. Anayepeleka shauri ana haki ya kumkuta kitini mtu ambaye bado hajaamua. Sasa mfikirie mwananchi anayedai kwamba kifungu fulani cha katiba kina maana hii, naye jaji aliye mbele yake alishachapisha kitabuni, miaka minne nyuma, kwamba kina maana ile. Wakili wa mwananchi huyo abishane na nani, na upande wa pili au na kitabu cha jaji? Na wakili mjanja wa upande wa pili atasimama kwa heshima zote na kumsomea jaji maneno ya jaji mwenyewe. Hata hukumu ikitoka ya haki kabisa, aliyeshindwa ataondoka akiamini alishindwa siku kitabu kilipochapwa.

Tena kuna hili la mtunga katiba. Aliyekaa kwenye kamati ya uandishi anakumbuka mabishano, anakumbuka neno gani lilifutwa na lipi likawekwa. Kumbukumbu hiyo ni hazina, lakini inaweza kumfanya aamini kwamba nia yake ndiyo nia ya katiba, wakati katiba ilishamtoka mikononi ikawa mali ya wote.

Hoja iliyonitaabisha zaidi ni ile ya chumba cha majaji. Majaji saba wanapofunga mlango kushauriana, kila mmoja anahitaji uhuru wa kusema jambo bichi, wa kukosea, wa kubadili mawazo kesho yake. Akijua kwamba mwenzake wa kulia ataandika tawasifu siku moja, ataanza kupima maneno. Na tawasifu yenyewe ina tabia yake, mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Sijapata kusoma kitabu ambamo mwandishi ndiye aliyekosea siku zote na wenzake wakawa sahihi.

Hili silichukulii kwa wepesi kwa sababu nimewahi kukaa karibu na kalamu ya mahakama. Kwa miaka michache nilikuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye mahakama moja ya hakimu mpakani. Hakimu aliandika ushahidi wote kwa mkono, kwenye karatasi ndefu zenye mistari, na sisi wote tulienda kwa mwendo wa kalamu yake. Nilichokuja kugundua ni kwamba mshtakiwa aliyesimama kizimbani alimtazama hakimu usoni mara chache sana. Macho yake yalikuwa kwenye kalamu. Ikisimama, naye anasimamisha maneno. Akitoa jibu la neno moja kisha kalamu ikaendelea kuandika mistari mitatu, jasho linamtoka: nimesema nini kikubwa namna hiyo? Wakati mwingine hakimu alikuwa anamalizia jibu la nyuma tu. Lakini yule mtu kizimbani hakuwa na njia ya kujua.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kalamu ya jaji ni uhuru wake kama wa raia yeyote, najua si kweli. Watu huisoma kalamu hiyo kwa hofu na kwa matumaini ambayo mwandishi wa riwaya hayapati.

Pamoja na hayo, hoja hizi zina mahali pa kuzipima, na Uganda imetupatia mahali hapo waziwazi.

Februari 2006 tulipiga kura ya rais. Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Museveni mshindi kwa asilimia 59 na kitu, mpinzani wake Kizza Besigye akipata 37 na kitu. Besigye akaenda Mahakama ya Juu. Tarehe 6 Aprili majaji saba walitoa uamuzi wao. Walikubaliana kwamba sheria za uchaguzi zilikiukwa, na kwamba wapo wapiga kura waliokuta majina yao hayapo daftarini. Walipogawanyika ni kwenye uzito: je, makosa hayo yaliathiri matokeo kiasi cha kuyafuta? Wanne walisema hapana, watatu wakasema ndiyo. Kanyeihamba alikuwa katika wale watatu, pamoja na majaji Arthur Oder na John Wilson Tsekooko.

Aliyeongoza wale wanne ni Jaji Mkuu Benjamin Odoki. Naye Odoki ni mwandishi. Aliongoza tume iliyozunguka nchi kukusanya maoni ya wananchi kabla ya katiba ya 1995, na mwaka 2005, akiwa Jaji Mkuu, alitoa kitabu kuhusu jinsi katiba hiyo ilivyotengenezwa. Yaani kwenye meza ile walikaa watu wawili walioishiriki katiba ileile tangu utoto wake, mmoja akikusanya maoni, mwingine akisimamia uandishi wa vifungu. Wote wawili waliiandikia vitabu. Na walipoulizwa swali moja juu ya kura moja, kila mmoja akatoka na jibu lake.

Nimelitafakari hili mara nyingi. Kama kuandika kitabu ni sawa na kuamua kesi mapema, Odoki na Kanyeihamba wangetakiwa kukutana mahali pamoja, au basi vitabu vyao vingetuonyesha tangu mwanzo watatengana wapi. Swali la Aprili 2006 lilikuwa la ushahidi na uzito wake, viapo vilivyoletwa, takwimu, vituo vya kura. Kitabu hakimpimii jaji hayo. Kinamwonyesha msomaji jaji anaanzia wapi kufikiri, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka anyamaze: jaji asiyeandika naye anaanzia mahali. Tofauti ni kwamba wakili hapajui.

Sheria za kazi yenyewe haziko upande wa ukimya mtupu. Misingi ya Bangalore ya 2002 kuhusu mwenendo wa majaji, ambayo Odoki alikuwa miongoni mwa waliokaa kuiandaa, inaruhusu jaji kuandika, kufundisha na kutoa mihadhara juu ya sheria na utoaji haki, mradi alinde heshima ya kiti na kutopendelea. Uganda ilipata kanuni zake za mwenendo wa majaji mwaka uliofuata. Mlango uko wazi, ila una kizingiti.

Mfano mgumu kuliko wa Kanyeihamba, kwa maoni yangu, ni wa James Ogoola. Tarehe 16 Novemba 2005 watu wenye silaha, waliovaa nguo nyeusi, waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala siku ambayo washtakiwa wenza wa Besigye katika kesi ya uhaini walipewa dhamana. Watu hao tukawajua kwa jina la Black Mamba. Ogoola alikuwa Jaji Kiongozi, mkuu wa mahakama hiyo. Alichofanya ni kuandika shairi, akiifananisha mahakama na hekalu lililonajisiwa, na baadaye mashairi yake yakatoka kitabuni. Hapa mkosoaji ana haki ya kusimama. Chama cha Wanasheria wa Uganda kilikuwa kinalipeleka suala lilelile Mahakama ya Katiba, na mkuu wa Mahakama Kuu alishasema kwa ushairi kwamba ni unajisi. Ogoola hakukaa kusikiliza shauri hilo, ni kweli, lakini majaji waliolisikiliza walikuwa wenzake, na shairi walikuwa wamelisikia.

Nikiulizwa, nasema Ogoola aliruhusiwa. Siku ile mahakama haikuwa mwamuzi wa ugomvi wa watu wengine, ndiyo iliyovamiwa. Mwenye nyumba aliyevunjiwa mlango hatuwezi kumwambia asubiri upelelezi ndipo apige yowe. Lakini nakiri kwamba hapo mkosoaji na mimi tunatofautiana kwa unywele tu.

Ukitaka kujua kwa nini naegemea kalamu, nitazame nami tarehe nyingine, 21 Septemba 1972. Asubuhi hiyo watu wa Amin waliingia katika jengo lilelile la Mahakama Kuu wakamchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ofisini kwake. Siku chache nyuma alikuwa ameagiza Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa kinyume cha sheria aachiwe. Hakuonekana tena. Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hii, hakupata kutuandikia alichokiona akiwa Jaji Mkuu wa Amin: alikuwa akipigiwa simu na nani, aliogopa nini, alimwambia mkewe nini usiku wa kuamkia siku ile. Yote tunayoyajua tumeyaokota kwa waliobaki.

Jaji wa zama hizo aliyekuja kuandika kwa kirefu ni Mwingereza, Peter Allen. Alifanya kazi ya ujaji chini ya Amin, akawa Jaji Mkuu mwaka 1985 hadi 1986, kisha akaondoka na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1987. Namshukuru kwa kuandika. Ila inaniuma kwamba nikitaka kuuona wakati ule kwa macho ya aliyekaa kitini, natazama kupitia macho ya mgeni, mtu aliyekuwa na nchi nyingine ya kurudi. Majaji Waganda walioishi miaka ileile na kufa kimya walikwenda na ushahidi ambao hakuna mahakama itakayouita tena.

Mizani yangu inaelemea hapo. Katika nchi ambako katiba imefutwa, ikaandikwa upya, ikasimamishwa, ikaandikwa tena, kisha ikarekebishwa 2005 kuondoa ukomo wa mihula na 2017 kuondoa ukomo wa umri wa rais, hatari ya jaji kusema sana ni ndogo kuliko hatari ya sisi kusahau. Shauri la ukomo wa umri lilipoamuliwa na Mahakama ya Juu Aprili 2019, majaji waligawanyika tena wanne kwa watatu. Hesabu ileile ya 2006. Atakayetaka kuelewa kwa nini mahakama yetu huishia hapo atahitaji zaidi ya hukumu, kwa sababu hukumu huandikwa kwa lugha ya vifungu, na mtu aliyeiandika hujificha nyuma yake.

Kuna mpaka mmoja ambao singemruhusu jaji auvuke hata baada ya kustaafu, nao ni shauri ambalo bado liko hai mahakamani. Kuhusu yaliyosemwa nyuma ya mlango, ningemtaka jaji aandike yake na ayaache ya wenzake, isipokuwa jambo lililotendeka humo ni kosa lenyewe. Jaji aliyetishwa hana wajibu wa kulinda siri ya aliyemtisha.

Na msomaji naye awe macho. Historia aliyoiandika Kanyeihamba, ile iliyotoka 2002 ikianzia 1894 Waingereza walipoifanya Uganda himaya yao, ni historia ya mshiriki. Ukifika miaka ya NRM unasoma maneno ya mtu aliyekaa kwenye baraza la mawaziri. Baadaye aligeuka mkosoaji wa wazi wa serikali ileile, na wapo wanaomshangaa: ulikuwa ndani, mbona hukusema siku ile? Ni swali la haki. Mimi naona kwamba ushahidi wa aliyekuwa ndani ndio tunaoukosa mara nyingi, na kasoro yake inajulikana, kwa hiyo inaweza kupimwa.

Lakini lipo lawama moja ambalo halimhusu yeye peke yake na ambalo sitalifunika. Vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza. Katiba yetu ilirekebishwa 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike kama Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Julai 2022 baraza la mawaziri likalirudia jambo hilo na kuagiza kifundishwe mashuleni. Mahakamani, nilipokuwa mkalimani, Kiswahili cha shahidi kiliishia hewani. Karatasini kilichoingia ni Kiingereza changu. Kama nilikosea neno, kosa langu ndilo lililokuwa ushahidi wake. Najua Kiswahili kina jeraha lake hapa kwetu, wazee wengi wa Kampala walikisikia kwanza kwa mdomo wa askari aliyeshika bunduki. Basi ingekuwa faraja iliyoje kukisikia sasa kikisema maneno ya jaji aliyekataa.

Mwaka huu nilijaribu kidogo. Malaba kuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya Mombasa, ambaye Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Sheria hakuisomea, ila habari za nchi hazimpiti. Nilikaa naye jioni moja na ile fotokopi ya waya wa plastiki, nikimsomea kurasa za 1966 kwa Kiswahili cha papo kwa papo, nikikisia herufi zilizokatwa pembeni. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika penye ile alama ya kuuliza nikamwonyesha, akaipapasa kwa kidole gumba. Kisha nikamweleza kura ya 2006, wanne na watatu, na kwamba huyu mwandishi alikuwa miongoni mwa watatu.

Alikaa kimya kidogo.

"Huyu nimemsikia, mwanangu," akasema. "Na wale wanne, wao waliandika wapi?"

Nikamwambia sababu zao zipo ndani ya hukumu yenyewe, kurasa nyingi sana, kwa Kiingereza. Akasema nikija tena nije nazo, na nisije jioni, nije asubuhi.